Kizuri Hakijiuzi: Mvinyo wa Cape na Asali ya Kiboko

Wahenga walinena kuwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii tumeifundisha madarasani kwa miaka mingi, na wanafunzi wameiandikia insha zisizo na idadi, lakini ni nadra kumpata mwalimu au mwanafunzi aliyethubutu kuuliza kama yasemwayo ni kweli. Mimi nilianza kuitilia shaka kando ya barabara kuu ya Nairobi kwenda Mombasa, pale Kiboko katika Kaunti ya Makueni, ambapo magari husimama ili abiria wanunue machungwa, vitunguu na asali.

Mama mmoja aliniuzia asali nyeusi, nzito, yenye harufu ya maua ya mgunga. Alikuwa ameitia katika chupa ya kijani yenye kibandiko kilichobanduka nusu. Nilipokisoma kibandiko hicho niligundua kwamba chupa ilikuwa ya mvinyo wa Afrika Kusini. Kilitaja aina ya zabibu, mwaka wa mavuno, kiwango cha kileo, na wilaya ilikokua mizabibu yenyewe: Swartland. Nikamwuliza, "Mama, chupa hii umeitoa wapi?" Akanieleza kwamba chupa hizo hutoka mahotelini, naye huziosha na kuzitumia tena. "Na asali hii yaitwaje?" Akanitazama kama amtazamaye mtu mzima aliyeuliza jambo la kitoto. "Asali ni asali, mwanangu," akasema.

Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike makala haya. Asali ile ilikuwa nzuri, lakini haikuwa na jina, na abiria wengi waliipita bila kuitupia jicho. Mvinyo ulikwisha kunywewa zamani, lakini jina lake bado lilikuwa likisomwa kando ya barabara, maelfu ya kilomita kutoka ulikotengenezwa. Ikiwa kizuri chajiuza, mbona hiki hakijiuzi?

Kabla sijaendelea, yafaa niwaondolee shaka wasomaji wangu, ambao wengi ni walimu na wanafunzi. Simwombi mtu yeyote aonje kitu ambacho dini yake, umri wake au afya yake inamkataza. Sheria ya Kenya inamkataza aliye chini ya umri wa miaka 18 kuuziwa kileo, na sheria hiyo ni nzuri. Lakini mvinyo, mbali na kuwa kinywaji, ni kilimo, ni kemia, ni historia na ni biashara. Mtu aweza kuujua bila kuunywa, kama vile awezavyo kuijua sumu ya nyoka bila kuumwa.

Tuanze basi na kile kilichoandikwa kwenye chupa. Ukimwuliza Mkenya wa kawaida akutajie mvinyo wa Afrika Kusini, aghalabu atakutajia Four Cousins au 4th Street, kisha atanyamaza. Hizo ndizo chupa zilizojaa katika maduka yetu makubwa, tamu na za bei nafuu. Sizilaumu. Lakini kumjua Mwafrika Kusini kwa chupa mbili hizo ni sawa na kumjua Mkenya kwa chai na ugali tu. Nchi ile ina vinywaji vingi visivyojulikana huku kwetu, na kila kimoja kina somo ambalo lingemfaa mkazi wa Ukambani kuliko kinywaji chenyewe.

Swartland, maana yake "nchi nyeusi", iko kaskazini ya mji wa Cape Town. Kwa muda mrefu ilijulikana kama nchi ya ngano, na zabibu zake zilichanganywa na za kwingine bila kutajwa. Ni nchi ya jua kali na mvua haba. Mizabibu yake mingi ya zamani haikupandwa kwenye nyaya wala haimwagiliwi maji. Imeachwa isimame kama vichaka vifupi, na mizizi yake imezama chini sana kutafuta unyevu. Mzabibu wa namna hiyo huzaa kidogo, lakini kile kidogo kina ladha nzito. Zabibu iliyoipatia Swartland sifa ni Chenin Blanc, ambayo Waafrika Kusini waliiita Steen kwa vizazi vingi, hata wataalamu walipothibitisha katika miaka ya 1960 kwamba ni ile ile ya Ufaransa. Zabibu nyingine, Cinsault, ilidharauliwa kwa miongo mingi kama ya kujazia mapipa. Leo mvinyo wake kutoka kwenye mizabibu mikongwe unatafutwa kwa udi na uvumba.

Mizabibu hiyo mikongwe ilikuwa ikielekea kung'olewa yote, kwa kuwa mkulima hulipwa kwa uzito na mzee huzaa kidogo. Ndipo wachache, wakiongozwa na Rosa Kruger, mtaalamu wa kilimo cha mizabibu, walipoanza kuiorodhesha shamba baada ya shamba. Siku hizi mvinyo unaotokana na mizabibu iliyotimiza umri wa miaka 35 au zaidi huweza kubandikwa alama inayotaja mwaka ambao mizabibu hiyo ilipandwa. Mti haukubadilika, wala udongo haukubadilika. Kilichobadilika ni kwamba umri uliokuwa hasara uliandikwa, ukawa thamani.

Kwingine nako kuna mafunzo. Huko Calitzdorp, katika nchi kavu ya Klein Karoo, hutengenezwa mvinyo mtamu na mkali kwa zabibu zenye asili ya Ureno. Zamani waliuita "port". Wareno wakadai kwamba jina hilo ni mali ya bonde lao, na wenyeji wa Cape wakalazimika kuliacha na kutafuta majina yao wenyewe. Huko Hemel-en-Aarde, maana yake "mbingu na nchi", upepo wa baridi kutoka baharini umewezesha zabibu ya Pinot Noir, inayoogopa joto, kustawi. Na kando ya Mto Orange, karibu na Upington, mahali penye joto lisilopungua la Makindu au Kibwezi, watu hulima zabibu kwa maji ya mto huo mmoja.

Miongoni mwa chupa ambazo ningependa wanafunzi wetu wazijue ni ile iitwayo Aslina. Mwenye nayo ni Ntsiki Biyela, mmoja wa wanawake weusi wa kwanza kuwa watengenezaji mvinyo nchini Afrika Kusini. Alizaliwa katika kijiji cha KwaZulu-Natal, na hakuwahi kuonja mvinyo hadi alipopata ufadhili wa kusomea fani hiyo katika Chuo Kikuu cha Stellenbosch. Alianza kazi mwaka 2004, na baadaye akaanzisha mvinyo wake mwenyewe na kuupa jina la bibi yake aliyemlea. Msichana huyo hakurithi shamba wala mtaji. Alichopata ni nafasi ya darasani, na kwa nafasi hiyo jina la bibi wa kijijini likasomwa katika nchi za mbali.

Hapa ndipo ninapofikia kiini cha hoja yangu. Jina la mvinyo wa Cape halikushuka kutoka mbinguni, wala halikutokana na utamu wa zabibu peke yake. Lilijengwa. Zabibu za kwanza zilikamuliwa huko mwaka 1659, miaka saba tu baada ya Jan van Riebeeck kutia nanga. Katika karne ya 18 mvinyo mtamu wa Constantia ulikuwa ukinywewa na wafalme wa Ulaya, na Napoleon aliletewa uhamishoni kwake katika kisiwa cha St Helena. Lakini sifa hiyo ilififia baadaye, kwani sifa isiyolindwa haidumu. Kilichoirudisha ni shule, kipimo na sheria.

Shule kwanza. Katika mwaka wa 1925, Abraham Perold, profesa wa kilimo cha mizabibu huko Stellenbosch, alichanganya Pinot Noir na Cinsault, akapata mbegu nne alizozipanda katika bustani ya nyumba yake. Alipoacha kazi na kuhama, bustani ikamea magugu, na vibarua wakatumwa kuifyeka. Inasimuliwa kwamba mwalimu kijana, Charlie Niehaus, alikuwa akipita kwa baiskeli siku hiyo hiyo. Yeye alijua kilichokuwa kimepandwa pale, akaiokoa ile miche minne. Zabibu hiyo ndiyo iitwayo Pinotage, ambayo leo ni fahari ya taifa zima. Walimu wenzangu, litafakarini jambo hili: urithi wa nchi nzima uliponea chupuchupu, kwa sababu tu mtu mmoja aliyesoma alipita njia na kutambua alichokiona. Je, ni miche mingapi ya kwetu imefyekwa kwa kukosa mpita njia wa aina hiyo?

Kisha kipimo na sheria. Tangu mwaka 1973 Afrika Kusini imekuwa na utaratibu wa kuthibitisha asili ya mvinyo. Mtengenezaji hawezi kuandika Swartland ikiwa zabibu hazikutoka Swartland, wala kutaja mwaka au aina ya zabibu bila ushahidi. Mnunuzi aliye Nairobi haijui Swartland na hamjui mkulima, lakini anaweza kukiamini kibandiko. Imani hiyo ndiyo inayouzwa. Kwa hiyo methali yetu ingesomeka hivi: kizuri hakijiuzi, huuzwa na jina, na jina hulindwa na sheria.

Hata hivyo, tusimsifu mgema kupita kiasi, asije akalitia tembo maji. Mashamba ya Cape yalilimwa kwa mikono ya watumwa hadi utumwa ulipokomeshwa katika miaka ya 1830, na miongoni mwao walikuwamo watu waliochukuliwa kutoka Madagaska, Msumbiji na pwani yetu hii ya Afrika Mashariki. Baada ya hapo vibarua wengi walilipwa sehemu ya ujira wao kwa mvinyo, desturi iliyoitwa "dop", ambayo iliendelea kwa miaka mingi hata baada ya kupigwa marufuku. Matunda yake machungu yangalipo: jimbo la Western Cape ni miongoni mwa mahali duniani ambapo watoto wengi sana huzaliwa na madhara ya kileo walichokunywa mama zao wajawazito. Ndiyo maana nasema tujifunze jinsi jina linavyojengwa, si kuiga kila kilichofanywa na wajenzi wake. Kibarua anayelipwa kwa kileo ni mtumwa kwa jina jingine.

Sasa turudi karibu na kwetu, kwa jirani yetu Tanzania. Je, ni wasomaji wangapi wanaojua kwamba Dodoma ni nchi ya mizabibu? Wamisionari Wakatoliki walipanda zabibu Bihawana katika miaka ya 1950, na kutoka hapo kilimo hicho kikaenea vijijini. Kipo kituo cha utafiti huko Makutupora, na zabibu nyekundu inayolimwa sana huko inaitwa kwa jina la mahali hapo. Chenin Blanc, ile ile ya Swartland, hulimwa pia. Na Dodoma ina ajabu isiyopatikana Cape wala Ufaransa: kwa kuwa hakuna majira ya baridi ya kuulaza mzabibu, mkulima anayejua kupogoa huvuna mara mbili kwa mwaka. Wagogo na wenzao wamelima katika nchi kame ambayo wageni waliiona haifai, na mvinyo wao unauzwa kwa jina la Dodoma. Lakini ingia katika hoteli ya Nairobi uulize mvinyo wa Dodoma. Utaonyeshwa wa Cape, wa Chile na wa Australia.

Hata Kenya yenyewe ina wake. Katika Bonde la Ufa, karibu na Naivasha, hutengenezwa mvinyo uitwao Leleshwa, jina la kile kichaka chenye majani ya kijivu na harufu ya kafuri ambacho kila mchungaji wa huko anakijua. Yatta nako, ng'ambo tu ya upeo wa macho kutoka Kiboko, mizabibu imewahi kupandwa, na jina la Yatta likaandikwa kwenye chupa. Kampuni iliyouza mvinyo nchini kwa miongo mingi, Kenya Wine Agencies, iliundwa na serikali mwaka 1969, na iliwahi kutengeneza mvinyo wa mapapai. Mwaka 2014 kampuni ya Distell ya Afrika Kusini ilinunua sehemu ya hisa zake, na mwaka 2017 ikawa na hisa nyingi kuliko wengine wote. Mwaka 2023 Distell yenyewe ikaingia mikononi mwa Heineken ya Uholanzi. Mwenye jina na elimu alikuja kununua, na sisi tuliokuwa na mapapai tukauza.

Nimesema ya Cape, nimesema ya Dodoma. Nisiposema ya Kiboko nitakuwa nimefanana na yule aliyeuacha mbacha wake kwa msala upitao.

Wakamba wamekuwa wafugaji wa nyuki tangu kale. Mizinga yao ya magogo, iitwayo miatu, bado inaning'inia katika migunga na mibuyu kutoka Kiboko hadi Kibwezi na ng'ambo ya Mto Athi huko Kitui. Kutokana na asali walitengeneza kinywaji kiitwacho uki. Asali ilichanganywa na maji, ikatiwa tunda kavu la mwegea, lile refu linaloning'inia kama soseji, kisha chombo kikawekwa mahali penye joto kwa siku chache. Tunda lile halikuwa kiungo cha ladha tu. Ndani ya nyuzi zake hukaa chachu, na kinywaji kikiisha tunda hukaushwa, likahifadhiwa na kutumiwa tena. Kwa maneno mengine, mabibi na mababu wa Ukambani walikuwa na njia ya kuhifadhi chachu hai, kuirithisha na kuiamsha tena, bila ya maabara wala darubini. Mwalimu wa kemia anayewafundisha wanafunzi wake kuhusu sukari kugeuka ethanoli na hewa ya kaboni hahitaji kuutafuta mfano Ufaransa.

Uki ulikuwa na adabu yake. Ulimiminwa kwa ajili ya wahenga penye mahali patakatifu, ulinywewa katika shughuli za posa na mahari, na ulikuwa kinywaji cha wazee. Kijana hakuugusa. Asali yenyewe haikupatikana kila siku, kwani nyuki hufuata maua na maua hufuata mvua. Kwa hiyo kinywaji kilikuwa na msimu wake, wakati wake na watu wake. Ulevi wa kila siku haukuwa rahisi, kwa kuwa desturi na maumbile vyote viliuzuia.

Ni nini kilichoupata uki? Serikali ya kikoloni ilivitazama vinywaji vyote vya wenyeji kama uchafu na fujo, ikavitungia leseni na adhabu, huku vinywaji vyake ikivipa heshima ya klabu. Baada ya uhuru mtazamo huo haukubadilika sana. Sheria ya mwaka 1980 iliipiga marufuku chang'aa, na polisi aliyeingia kijijini hakuona tofauti kubwa kati ya chang'aa iliyotoneshwa na asali iliyochachuka. Kinywaji cha wazee kikajificha vichakani. Na kilichojificha hakina kipimo wala mkaguzi, na asiyekuwa na mkaguzi hawezi kutofautishwa na mhalifu.

Waliotumia giza hilo walikuwa wauzaji wa sumu. Mwaka 2000 watu zaidi ya 100 walikufa jijini Nairobi kwa kunywa pombe iliyotiwa methanoli. Mwaka 2005 makumi wengine walikufa Machakos. Mwaka 2014 vifo vya namna hiyo vilitokea Embu, Kiambu, Kitui na hapa Makueni, na baadhi ya walionusurika walipofuka. Sheria ya mwaka 2010 ilikuwa imekwisha kuiondoa ile marufuku ya 1980 na kuweka masharti ya kutengeneza na kuuza, lakini masharti yasiyoambatana na elimu na ukaguzi ni karatasi tu. Methanoli hailetwi na asali. Huletwa na mfanyabiashara asiye na jina, katika chupa isiyo na jina, kwa mnunuzi asiyekuwa na njia ya kuuliza. Kwa hiyo jina ninalolipigania si pambo la kuwafurahisha watalii. Ni uhai wa watu.

Najua pingamizi zitakazotolewa. Wa kwanza atasema kwamba ulevi umeziharibu nyumba zetu, na kwamba mwandishi wa gazeti asiupambe. Nakubaliana naye kuhusu maradhi, sikubaliani naye kuhusu dawa. Nchi yetu haikosi kileo. Imejaa kileo kibaya na cha bei ya chini. Kukinyima kizuri jina hakukuondoi kibaya, bali hukipa uwanja. Wa pili atasema kwamba Makueni yahitaji maji na chakula kabla ya mvinyo. Ni kweli. Lakini mwembe na mzinga wa nyuki havishindani na mahindi. Huvumilia ukame pale mahindi yanaponyauka. Kituo cha utafiti wa kilimo kilichopo hapo Kiboko kinafanya kazi ya kutafuta mimea inayostahimili nchi kame, na nyuki wa migunga walikwisha kuifanya kazi hiyo kabla ya kituo. Wa tatu atasema kwamba asali yenyewe inatosha, hakuna haja ya kuichachusha. Huyo namwunga mkono. Hata tukiacha uki kabisa, asali isiyo na jina itaendelea kuuzwa kwa bei ya asali isiyo na jina.

Jirani zetu wengine wamekwisha kulitambua hili. Waethiopia wana tej, mvinyo wao wa asali, unaotiwa majani ya gesho. Hawakuuonea haya. Unanywewa katika nyumba za kifahari na za kawaida, na Waethiopia walioko ughaibuni wamekwenda nao hadi Marekani, ambako hutiwa chupani na kuuzwa kwa jina hilo hilo la tej. Uki ni ndugu ya tej. Tofauti yao ni kwamba mmoja alipewa jina kubwa, na mwingine akapewa hati ya kushtakiwa.

Basi tufanye nini? Kwa serikali ya kaunti, iliyokwisha kujenga kiwanda cha matunda huko Kalamba ili maembe yasiozee mashambani, hatua ya pili ni kuwaandikisha wafugaji wa nyuki kwa mahali na kwa msimu, ili asali ya Kiboko iwe asali ya Kiboko, na ya Kibwezi iwe ya Kibwezi. Kwa Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, ni kuweka kipimo ambacho mtengenezaji mdogo wa kijijini aweza kukitimiza, si kipimo kilichokatwa kwa kadiri ya kiwanda kikubwa. Kwa wenye mahoteli ya barabara ya Mombasa na ya Nairobi, ni kuweka Dodoma na Leleshwa katika orodha zao, kando ya chupa za Cape, na kumwachia mteja achague.

Lakini mzigo mkubwa nauweka mabegani mwa walimu. Miche minne ya Stellenbosch haikuokolewa na waziri, iliokolewa na mwalimu. Mtaala wa umilisi unataka wanafunzi wafanye miradi inayotokana na mazingira yao. Uko wapi mradi mwema zaidi ya huu? Wapelekeni wakawahoji mabibi na mababu zao. Waandike majina ya miti inayochanua baada ya mvua za vuli na ile inayochanua baada ya masika. Waandike rangi na ladha ya asali ya kila mti. Waandike namna mzinga unavyochongwa na kufukizwa moshi. Waandike maneno ya Kikamba ya kazi hiyo yote, na wayatafutie Kiswahili chake. Hakuna atakayeonja kileo. Lakini daftari hizo zikikusanywa kwa miaka mitano katika shule kumi, kaunti itakuwa na kumbukumbu ambayo hakuna mtaalamu wa kutoka nje angeweza kuiandika. Kila mzee anayefariki bila kuhojiwa huenda na sehemu ya kumbukumbu hiyo.

Nilipofika nyumbani niliitia asali ile katika chombo kingine, nikaiosha chupa na kukibandua kibandiko cha Swartland kilichosalia. Kisha nikakata karatasi nyeupe, nikaandika: "Asali ya mgunga, Kiboko, Makueni", na mwaka. Nitakapopita tena pale nitampelekea yule mama chupa yake. Huenda akacheka. Lakini abiria atakayeshuka baada yangu atasoma, na akishasoma huenda akauliza swali, na hapo ndipo kizuri huanza kuuzika.